Koko Bado Yuko Mlimani

Niliacha kazi ya kutengeneza mashine za gemu kabla nywele zangu hazijaanza kuwa nyeupe, na nawaomba msiniulize kama ni mgongo au ni macho. Macho yamechoka, ndiyo. Waya mwembamba siuoni tena mpaka niusogeze puani. Lakini mtu haachi kazi aliyoipenda tangu utotoni kwa sababu ya macho. Niliacha kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo, nimeitunza kama watu wanavyotunza nguo ya harusi. Jina langu ni Furaha. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Nawaandikia ninyi vijana wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, mnaofungua simu za watu mezani kwa mama zenu na kuzifunga tena zikiwa nzima. Ninyi ndio mnaoniita Tantine, yaani shangazi, mnaponijia baada ya ibada na kuniambia, kwa Kiingereza, eti gemu za zamani hazikuwa na hadithi. "Tantine, ilikuwa kuruka tu." Kuruka tu! Mtu anaingia kanisani mahubiri yameisha, anakuta watu wanakunja viti, anatoka kutangaza kwamba kanisa hili lina kazi ya kukunja viti.

Nilijifunza kazi hii Uvira, kwenye ukumbi wa gemu uliokuwa karibu na soko. Mwenye funguo za ukumbi alikuwa Papa Luc, mtu mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Mashine zililetwa kutoka Bujumbura, na kabla ya Bujumbura hatukujua zilitoka wapi, ila maandishi yake yalikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeyasoma. Sisi tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya juu ya Uvira, familia nzima, na mimi nilikuwa natumwa sokoni na kuchelewa kurudi. Papa Luc hakunifukuza. Alitazama vidole vyangu akasema, "Bon, hivi vinaingia nyuma ya ubao wa umeme bila kugusa kitu. Leta hapa."

Somo la kwanza alilonipa nawapa bure. Kioo cha mashine ya zamani kinahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usiingize mikono miwili. Mkono mmoja ukiwa ndani, mwingine uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mimi sikuwa na mfuko, nilikuwa na kitenge. Papa Luc akasema, "Basi uchomeke kwenye kitenge." Mpaka leo, nikishika bisibisi kwa mkono wa kulia, wa kushoto unajitafutia pindo la nguo. Huko Louisville wenzangu walidhani tumbo linaniuma.

La pili: usiamini macho kabla ya pua. Kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ikiungua inanuka kama samaki aliyesahauliwa. La tatu: miguu ya ubao ikishika kutu, isugue kwa kifutio cha penseli, taratibu, kuelekea upande mmoja. Msimwage dawa za makopo kama watu wanaofukuza mbu.

Sasa sikilizeni habari ya gemu yenyewe. Jina lake la Kijapani sijawahi kulijua. Sisi tuliita Beba Koko. Kwetu koko ni nyanya au babu, na katika gemu hii koko ni bibi kizee mdogo mwenye kitambaa chekundu mabegani. Mchezaji ni kijana. Anambeba koko mgongoni na kupanda mlima, anaruka kutoka mwamba hadi mwamba, magogo yanabingirika, nyani wanatupa mawe. Ukipigwa, koko anaanguka, na una muda mfupi wa kumwinamia akupande tena. Ndiyo kazi yote ya vidole: kuruka na kuinama.

Lakini gemu za Kijapani za wakati ule zina adabu yake ya kusimulia, na hapo ndipo watu wanapopotea. Hadithi inasimuliwa wakati hakuna anayecheza. Mashine ikikaa peke yake, inajisimulia: kijiji bondeni, moshi, moto unakula mapaa, watu wanakimbia, kijana anageuka, anapiga goti na kumpa koko mgongo. Hakuna neno hata moja. Papa Luc alikuwa akisimama pembeni na kutusimulia juu ya picha, na kila siku moto ulikuwa na sababu mpya. Siku mke wake alipomnunia, kijiji kiliungua kwa sababu ya mwanamke aliyesahau maharage jikoni.

Adabu ya pili: alama unazopata zinaweza kuwa mtego. Koko akiwa mgongoni anachana kitambaa chake na kudondosha vipande vyekundu njiani. Ukiokota kipande, mashine inaimba, hesabu yako inapanda, unajiona bingwa. Ukifika kileleni kuna maua, kuna muziki, kuna maandishi. Halafu kioo kizima kinakuwa cheupe.

Hapo ndipo mtu asiye na subira anapopiga mashine teke.

Weupe ule ni ukungu. Usipogusa kitu, utaona mkono wa koko ukigonga bega la kijana, mara moja, halafu tena. Maana yake: moto umezimika, turudi. Na sasa mlima uleule unashuka ndani ya ukungu, miamba huioni, unachoona ni vile vipande vyekundu tu. Kama uliviacha, unajua pa kukanyaga. Kama uliviokota, umejipofusha mwenyewe.

Watoto wa mjini Uvira walihangaika sana na ukungu ule. Sisi tulioshuka milimani hatukuhangaika. Kule kwetu, msafara ukipita njia panda, wa mbele wanaweka majani kuonyesha walikoelekea, na hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba alama ya njia haiokotwi. Anayeiondoa ni wa mwisho kabisa, ili mwenye nia mbaya asifuate. Nilipoviona vipande vya koko mara ya kwanza niliviruka bila kufikiri. Papa Luc akaniuliza, "Kwa nini huchukui?" Nikamwambia, "Si vyangu. Ni vya wa nyuma." Akacheka. Tulipofika kwenye ukungu, akaacha kucheka, akavua koti.

Miaka ikapita, vita vikapita juu yetu, kambi zikapita. Nikajikuta Louisville, nyumba ya kupanga mtaa wa Okolona, nikifanya kazi ya kupanga maboksi ghalani kama wenzangu wote. Mimi ni mtu wa miguu. Nikikaa mahali pamoja muda mrefu naanza kugombana na madirisha. Mwaka 2014, nikitembea bila sababu siku ya mapumziko, nikapita mlango wa karakana uliokuwa wazi. Ndani kulikuwa na mashine ya gemu imelazwa chali kama mgonjwa, na mwanamume ameingiza mikono yote miwili tumboni mwake. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, maana hofu haina Kiingereza. Akashtuka, akaitoa mikono. Huyo alikuwa Derek, aliyekuja kuwa bosi wangu. Alikuwa akinunua mashine za zamani na kufungua baa ambazo watu wazima wanakunywa na kucheza gemu za utoto wao.

Sitasema Derek alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemsamehe.

Kontena la mashine lilipokuja kutoka Japani nilikuwa mimi niliyefungua milango. Ya tatu kutoka mwisho, imefunikwa blanketi, ilikuwa Beba Koko. Rangi imebabuka pembeni, lakini kijana yuleyule, koko yuleyule, kitambaa kilekile. Nililishika lile sanduku na kulitikisa kama mtu anayekutana na ndugu kituo cha basi. Niliifanyia kazi siku nyingi kuliko mashine yoyote. Ilipowaka na kijiji kikaanza kuungua tena mbele yangu, niliita wenzangu waje waone. Mmoja akaja, akatazama kidogo, akauliza, "Inaanza saa ngapi?"

"Imeshaanza," nikamwambia.

"Namaanisha gemu."

Mnaona?

Ikapelekwa kwenye baa ya Louisville, na malalamiko yalianza wiki ya kwanza. Derek akanijia na kikombe cha kahawa. "Furaha, ile yako ya bibi imeharibika. Inafika juu inakuwa nyeupe, inakwama."

"Haijakwama. Ni ukungu."

"Ukungu gani?"

"Wa mlimani. Wasubiri tu."

"Wateja hawaji baa kusubiri."

"Basi waambie wasiokote vitambaa."

Alinitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kutaja wafu. "Ile nyeupe iondoe," akasema.

Sikuondoa. Akaihamishia Columbus, alikokuwa akifungua baa ya pili, na akanituma huko nifunge mashine zote. Nikapanga chumba mtaa wa Linden, nikafurahi kubadili madirisha. Lakini Columbus walikuwa wamepata wazo lao. Kwenye ubao wa mashine hizi kuna safu ya swichi ndogo nyeupe, kama meno ya mtoto. Moja inafanya mchezo uwe wa bure, nyingine inazima sauti na ile hadithi ya mwanzo. Meneja wa pale akazigeuza zote mbili. Kijiji hakikuungua tena. Kioo kilikaa na neno moja tu la kukuambia ubonyeze.

Asubuhi nazirudisha, jioni wanazigeuza. Tulipigana vita hivyo bila kusema neno. Mwisho nikabandika karatasi ngumu juu ya swichi na kuandika kwa herufi kubwa nyekundu: USIGUSE, KOKO ANALALA. Hakuna aliyeelewa, lakini kwa siku kadhaa hakuna aliyegusa. Walidhani ni onyo la umeme. Halafu akaja mpishi mmoja, Mkenya, akaisoma, akacheka hadi akakaa chini, akawatafsiria. Siku hiyohiyo wakazigeuza tena.

Mnajua kilichoniuma? Kuzima sauti kulikuwa jambo dogo. Waliokuwa wakizima ndio waliosema baadaye, wakiegemea kaunta, "Zamani bwana, hadithi hazikuwepo." Umemziba mtu mdomo, halafu unatangaza kwamba ni bubu.

Baa ya tatu ikafunguliwa Buffalo, na huko ndiko mama yangu anakoishi, kwa dada yangu ambaye kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Nikaenda kwa furaha, theluji na yote. Ila kabla sijaanza kufungua maboksi Derek akaniambia waziwazi: hii ni nafasi ya mwisho ya mashine ya bibi. Ikiendelea kuwa nyeupe, atang'oa ubao wake wote na kuweka kompyuta yenye maelfu ya gemu ndani ya sanduku lilelile.

"Haijawahi kuonekana mwisho wake," akasema. "Gemu isiyo na mwisho imeharibika, Furaha."

"Nikikuonyesha mwisho?"

Akainua mabega. "Nionyeshe."

Siku niliyokuwa nimepanga kumwonyesha, dada alikuwa kazini na sikutaka Mama ashinde nyumbani peke yake. Nikaja naye. Aliingia baa amevaa koti langu la baridi juu ya kitenge, akakataa kiti kirefu kwa kuwa "hiki ni cha kuku," akasimama. Mbele ya mashine alikuwepo mteja mmoja aliyefika mapema, mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani. Alikuwa anapanda mlima vizuri, na kila kitambaa alichokiona alikiokota.

Mama alitazama. Halafu akanivuta mkono. Mama anasema Kiswahili cha kwetu: watu kwake ni batu, na kuja ni kuya.

"Ule muntu anafanya nini?"

"Anacheza, Mama."

"Anaokota alama!" Na kabla sijamzuia alikuwa ameshafika mgongoni kwa yule mtu. "Eh! Weye mutoto! Acha iyo! Benye kubaki nyuma batapita wapi?"

Mwanamume akageuka, akapigwa na gogo, koko akaanguka. "Anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema usiokote."

"Lakini ni pointi."

Nikamtafsiria Mama. Akamtazama zile ndevu, akatikisa kichwa. "Mukubwa vile, na hana mwenye kumufunza njia. Donc, utoke. Mutoto wangu aingie."

Hakuelewa neno, lakini alitoka. Kuna sauti ambayo haihitaji kutafsiriwa.

Derek akaja na kahawa yake. Nikaanza. Mkono wa kushoto ulitaka kwenda kwenye kitenge, nikaukumbusha kwamba leo kuna kazi ya mikono miwili. Nilipanda bila kuokota. Mashine haikuimba hata mara moja, na hesabu yangu pale juu ilikuwa ya aibu. Mwenye ndevu akanong'ona kwamba huyu mama hajui kucheza. Nikafika kileleni, maua, muziki, weupe.

"Ndiyo hiyo," akasema Derek. "Hapo ndipo inapokufa."

Nikainua mikono juu, wote waione. Tukasubiri. Mkono mdogo ukagonga bega. Ukagonga tena.

"Mama yangu," akasema mwenye ndevu, kwa lugha yake.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, hata kwa vidole. Macho yangu tayari yalikuwa yananisaliti, na ukungu ule mweupe unaumiza. Mama ndiye aliyeona. "Kushoto. Ile pale, nyekundu. Ngoja nyani apite. Sasa." Na kila tulipokanyaga kwenye kipande, koko alinyoosha mkono akakiokota yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye ametazama nyuma, yeye ndiye wa mwisho wa msafara. Kitambaa mabegani mwake kikawa kinarudi, kipande kwa kipande. Mama aliona hilo kabla sijamwambia. Akaacha kuelekeza, akaziba mdomo kwa mkono.

Bondeni pamebaki nyumba moja. Kijana anapiga goti, koko anashuka kwa miguu yake mwenyewe. Kijana analala chini palepale, amechoka. Koko anavua kitambaa, sasa hakina tundu hata moja, anamfunika. Muziki unakuwa mdogo, kisha unaisha. Ndio mwisho.

"Bon," akasema Mama. "Bamefika."

Mwenye ndevu alikuwa akifuta macho na kudai ni vumbi. Derek alipiga makofi, na hakuwa anadhihaki. "Nzuri sana," akasema. "Kweli. Sikujua."

Nikamgeukia na kichwa kikiwa juu.

"Lakini umeona ilichukua muda gani?" akasema. "Watu wamesimama nyuma yako wanasubiri mashine."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Nikampeleka Mama nyumbani na kumpikia ugali. Niliporudi kazini baada ya mapumziko yangu, sanduku la Beba Koko lilikuwa na kioo kipya chembamba, ndani kompyuta, na ubavuni wamebandika picha za roketi. Kijana mmoja alikuwa akichagua gemu, anaanza moja, anaiacha, anaanza nyingine.

Nikamuuliza Derek, "Uliona mwisho wake?"

"Niliona."

"Ulisema ni nzuri."

"Ilikuwa nzuri, Furaha. Kwa mtu mmoja."

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Asiyejua hana kesi. Yeye alisimama pale, aliona mtu akirudishwa nyumbani kwake, akapiga makofi, halafu akaichoma njia. Nilimuuliza ubao uko wapi. Akanielekeza kwenye boksi la takataka nje ya mlango wa nyuma, akasema niuchukue nikitaka. Ulikuwa na theluji. Niliupangusa kwa kitenge, nikaweka funguo za karakana juu ya kaunta, nikaondoka. Ndiyo sherehe yangu ya kustaafu, hotuba haikuwepo.

Jumapili baada ya kanisa Mama akataka nimpeleke tena. "Koko iko wapi?" akauliza.

"Bamemtoa, Mama."

"Bamemutoa bamemupeleka wapi? Ule muntu wa ndevu alimufikisha?"

"Hapana. Hakuna aliyemfikisha tena."

Theluji ilipiga kioo cha gari barabara nzima. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo bamemuacha kule juu?"

Nimerudi Okolona. Kwa muda. Ubao uliolowa msiukaushe kwa joto, vijana, wala msiuweke jikoni. Uacheni mahali pakavu ujikaukie wenyewe, na msiuwashe kwa pupa. Mimi nimeufunga katika kitenge na kuuweka juu ya kabati. Kapasita kadhaa zimevimba. Unahitaji kioo cha kizamani, sanduku, kijiti cha kuongozea, na macho ambayo si yangu. Kazi hiyo mnaiweza. Ninyi mnafungua simu ambazo mimi siwezi hata kuona skrubu zake. Njooni mmoja wenu, au wawili, chai ipo. Nitakaa pembeni niwaambie kipi msikiguse, na siku itakapowaka sitawaruhusu kubonyeza kitu mpaka kijiji kimalize kuungua.

Mama ananipigia kila Jumapili kutoka Buffalo. Haanzi na salamu siku hizi.

"Ameshuka?"

"Bado, Mama. Wako kwenye ukungu."

"Bon," ananijibu. "Alama ziko. Batakuya."